Karatasi ya Bluu

"Uma," alisema Daktari Nderingo,
nikaiuma karatasi nyembamba ya bluu
ghorofa ya pili, nyuma ya soko la Mbuyuni.
"Saga kushoto. Saga kulia. Haya, fungua."
Akanishikia kioo.
Meno ishirini na nane nilikuja nayo;
alama za bluu zilikuwa mbili,
gego moja huku, gego moja kule.
Mengine yote meupe, hayajaguswa,
kama vibarua waliofika shambani
kutazama wenzao wakipalilia.

Miaka arobaini na moja
nimeisaga dunia kwa meno mawili.

Mama aliita deko.
Mahindi ya makande yalirudi bakulini mazima,
moja moja, kama wageni waliokosa nyumba.
"Aikaruwa, unaringia chakula?"
Sikuringa. Nilitafuta pa kukutanishia juu na chini,
na kwa mbele palipita upepo,
na ulimi, mlinzi asiye na lango,
ukijitokeza kuziba kila nilipomeza mate.
Tumbo lilifanya kazi ya meno,
likadai ujira wake usiku.

Harusi ya dada, Uru,
ndafu ililetwa imesimama, majani mdomoni
(hata yule mbuzi, maiti, alikuwa ameuma kitu).
Nikapewa kipande cha paja.
Nikavuta kwa meno ya mbele, nyama ikateleza
kama barua chini ya mlango.
Nikalimeza pande zima, nikaenda kupigana nalo
nyuma ya turubai, macho yakinitoka,
nikamsikia mshereheshaji:
"Mdogo wa bibi harusi amekwenda kulia kwa furaha!"

Na baba.
Baba, ambaye kila msimu wa kahawa nusu ya kijiji
ilimwita arekebishe mashine za kumenyea,
aliyejua kwa kidole gumba
kwamba bati likikaa mbali, buni hupita na ganda lake,
likikaa karibu, punje hupondeka.
"Ni unene wa kucha tu," alisema,
akikaza nati nusu mzunguko,
kisha anasikiliza.
Alisikiliza chuma.
Mezani tulikaa ana kwa ana miaka kumi na minane,
mimi nikimeza buni na maganda yake.
Simlaumu. Nani huinama kuchungulia kinywa
cha mtoto anayetabasamu akiwa amefumba?

Waya nilifungwa mwezi wa tatu,
kwa fedha ya mabati; masika ikanyesha jikoni.
Kidato cha pili wakanibatiza Mwalimu Seng'enge.
Wifi akauliza kama nataka kuolewa tena.
Mtori asubuhi, mtori jioni,
na usiku niliyasikia meno yakitembea,
yaking'oa masale ya mpaka
na kuyapanda hatua moja pembeni.

Miaka miwili. Karatasi tena.
"Uma."
Safari hii sikuhesabu.

Nilishukia Kiboriloni, nikanunua hindi la kuchoma,
gumu, la mwisho wa msimu, lile la mia tano.
Nikauma.
Mstari mmoja ukatoka wote,
mtaro umenyooka kutoka ncha hadi ncha.
Mwenye jiko alidhani nalia kwa moshi.
Gunzi sikulitupa. Nililifunga kwenye leso
nikampelekea baba, aliyebakiwa na meno sita
yasiyosalimiana.
Akapitisha kidole gumba mtaroni,
akakirudisha, polepole.
"Nani amekukazia nati?"

Daktari kanionya: "Meno ni Wachaga,
Desemba ikifika yatataka kurudi nyumbani."
Basi kila usiku, baada ya kuzima taa,
navaa kile kishikizo cha plastiki,
nafunga geti,
nasikiliza.